Uchafu wa Nguzo ya Tatu

Msimamizi wa jengo letu alikuwa akiuita ufa "huyu". Hakusema ufa umepanda, alisema amepanda. Nikiwa kidato cha pili, kichwa kimejaa ngeli za Kiswahili, nilimsahihisha mbele ya watu pale kwenye ngazi: "Msimamizi, ufa ni huu, siyo huyu." Akanitazama, penseli ya seremala imekaa sikioni kama kawaida yake, akasema, "Kitu kikikaa ni hiki. Kikitembea ni huyu. Sasa wewe injinia nenda kamwambie mwalimu wako."

Tangu siku hiyo akaniita Injinia, na jina langu la Neema likabaki la nyumbani na kanisani. Alizaliwa wapi hasa, sijui, zaidi ya kwamba alikuwa mtu wa kusini na zamani alisimamia watu wa zege na nondo kwenye majengo ya watu. Hakuna aliyemuuliza zaidi ya hapo. Alikuwa na funguo zote, alikuwa na pampu ya maji, alikuwa na chumba kimoja chini ya ngazi, na alikuwa na hasira za haraka zilizoisha kabla hujamaliza kuziogopa.

Jengo lenyewe ni ghorofa tano, Kariakoo katikati. Chini maduka, juu stoo, mafundi cherehani na familia chache kama yetu. Mama anauza vitenge vya jumla, duka la pili kutoka mlangoni, na ukuta wa nyuma wa duka lake umeungana na nguzo ya tatu. Hiyo nguzo ya tatu nitaitaja sana, mnivumilie.

Nasimulia nikiwa mtulivu, lakini msinisifie utulivu wenyewe. Kuna kitu kilinifia ganzi tangu Ijumaa moja nitakayoisema, na kwa muda mrefu watu wakiniuliza naendeleaje nilijibu "poa tu", na nilikuwa sidanganyi. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu.

Asubuhi Msimamizi alikunywa chai kwa mama lishe wa kona, na kila asubuhi aliondoka na kijiko. Mama wa watu anapiga kelele, "Msimamizi, kijiko changu!" naye anainua mkono bila kugeuka, "Nakirudisha, bana, kwani nakila?" Alikuwa anakwenda kugonga nguzo. Alianza ya kwanza mpaka ya nane, ti, ti, ti, sikio karibu na zege, macho kafumba. Pale sauti ilipobadilika ikawa nzito, alirudia mara tatu, kisha akapapasa kwa kiganja. Akimaliza alirudisha kijiko, akakiosha mwenyewe kwa maji ya mama lishe, akaomba samahani ile ile ya jana.

Wapagazi aliwasumbua sana. Robota la kitenge likigusa nguzo kidogo tu, anatoka chumbani mbio na msuli wake. "We! Angekuwa mama yako ungempiga kikumbo hivyo?" Wanacheka, wanapita. Siku ya pili wanagonga tena, anatoka tena. Msumari kwenye nguzo ilikuwa marufuku kwa mtu yeyote, hata wa kuning'iniza kofia, lakini yeye alikuwa na kalenda ya msikiti imetundikwa kwa msumari wa inchi tatu kwenye nguzo ya nane, jirani na mlango wake. Mama alimbana siku moja.

"Na huo msumari, Msimamizi?"

"Huo nimeuombea ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwa nguzo."

Hao wawili walikuwa hivyo. Desemba tukifunga mizigo kwenda Moshi, alisimama mlangoni akitangaza kwamba sasa jengo litapumua, Wachaga wanaondoka na uzito wao. Mama alimjibu kwamba tukirudi tutamkuta amelala pale pale tulipomwacha. Tukirudi Januari, duka lilikuwa limefagiliwa na ndoo ya maji imejaa, na hakuna aliyesema nani kafanya.

Sasa penseli. Kila mwanzo wa mwezi alizunguka jengo zima, na kila alipokuta ufa alichora kistari kifupi pale unapoishia, pembeni akaandika namba ya mwezi na mwaka. Basi. Nyufa nyingi zilikuwa na kistari kimoja miaka yote, hao aliwaita waliotulia. Ila kwenye nguzo ya tatu vistari vilipanda kimoja juu ya kingine, ngazi ndogo ndogo kuanzia chini karibu na sakafu. Nilipomuuliza kwa nini hapimi upana, maana fizikia ilikuwa imeniingia wakati huo, alinijibu maneno niliyoyasahau kwa miaka mingi na sasa siwezi kuyasahau: "Usiniambie ana ukubwa gani. Niambie mwezi uliopita alikuwa kafika wapi."

Wapaka rangi walipoletwa na mwenye jengo, nguzo ya tatu haikupakwa. "Hiyo ina unyevu, mwakani," anawaambia. Mwakani wakija, ina unyevu tena. Ikawa nguzo pekee chafu katika korido nzima, na Mama aliona aibu, wateja wanatoka Lubumbashi na Lusaka wanakuta nguzo kama ukuta wa gereji. Hata hivyo watu walipenda kupigia picha hapo, kwa sababu mwanga wa barabarani unaingia vizuri na korido yote iliyobaki ni giza. Harusi, Idi, kipaimara, nguo mpya, wote hapo.

Na huyu huyu aliyekuwa hachoki kugonga na kuchora, wapangaji wakimuuliza kuhusu ufa, alijibu, "Ah, lipu tu hiyo." Kila mtu alijibiwa lipu, yaani saruji ya kupaka juu tu, siyo nguzo yenyewe. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili aliuliza mara nne, akajibiwa lipu mara nne. Nilikuwa naona ni upole wake, hataki kutisha watu. Nilikuwa mtoto.

Nilikua, nikasoma, nikaajiriwa kwenye kampuni ndogo ya kukagua majengo. Kazi yangu ni picha. Unapiga picha zege kwa simu, programu ya akili mnemba inachambua, inaupaka ufa rangi nyekundu, inapima upana wake, inakupa daraja la hatari. Watu wakisikia kisa hiki wanataka niseme mashine ni ya kijinga na wazee ndio wanaojua. Siwapi hiyo nafasi. Kwenye ghala moja karibu na bandari mashine ile ilinionyesha ufa nyuma ya bomba ambao mimi na macho yangu mawili nilikuwa nimeupita mara tatu. Mashine inaona unachoionyesha.

Siku ya kwanza nilipomwonyesha Msimamizi, aliigeuza simu juu chini, kisha akavua kandambili akainua mguu. "Haya, nipime na mimi." Miguu yake ilikuwa na magaga ya miaka yote. Nikapiga. Kisigino kikatoka na mistari myekundu kila upande, na chini imeandikwa: hatari kubwa, wasiliana na mhandisi. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Basi nibomoeni," akasema, machozi yanamtoka. "Nibomoeni, Injinia, mjenge gorofa." Wiki nzima aliwaonyesha wapagazi kisigino.

Halafu mwenye jengo akataka kuongeza ghorofa ya sita. Alihitaji ripoti kwamba jengo linabeba, na kazi ikaangukia kampuni yetu, na kampuni ikanipa mimi kwa kuwa napajua.

Nilipiga picha nguzo zote nane Alhamisi. Saba zilitoka vizuri. Ya tatu ilitoka nyekundu tupu, kama imekwaruzwa na paka, kwa sababu mashine ilihesabu kila kistari cha penseli kuwa ufa. Nikampigia bosi. Akasema safisha uso, piga upya, Jumatatu mteja anataka karatasi yake.

Ijumaa saa saba Msimamizi alikuwa msikitini. Nilichukua sponji, sabuni ya unga na kipande cha msasa. Dakika ishirini zilitosha. Mama alipita na mteja akasema, "Afadhali, angalau inapendeza." Nilijua Msimamizi anarudi saa nane, ningeweza kumsubiri. Nilijua vistari ni vyake. Nilishaambiwa maana yake na mwenyewe kwa mdomo wake, ila nilikuwa nimevizoea kiasi cha kutoviona. Nikapiga picha. Ikatoka safi. Nikaandika ripoti kwa mkono huu: *Uchafu kwenye nguzo ya tatu umeondolewa. Ufa mmoja wa nywele, umetulia. Hatari ndogo.* Ikapigwa mhuri wa kampuni. Jina langu halikuwemo, ripoti zetu hazina majina.

Nilikuwa nakunja kamba ya taa aliporudi na kanzu yake. Akasimama mbele ya nguzo. Akaipangusa kwa kiganja, akaangalia kiganja.

"Nani?"

"Mimi, Msimamizi."

"Ulikuwa na haraka?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akaenda kunywa chai.

Angenitukana ningepona. Kesho yake asubuhi alikunywa chai, akaacha kijiko kwenye kikombe, akaondoka. Mama lishe mwenyewe akashangaa, akaja dukani kuuliza kama mzee anaumwa. Hapo ndipo ganzi iliponianza, na nikaona ni jambo jema, maana kazi zilikuwa nyingi.

Haukupita muda akaondoka jengoni. Hakufukuzwa. Macho yalikuwa yanamfia siku nyingi, presha ya macho, alikuwa anaficha, na binti yake akaja kumchukua akakae naye Ilala. Alipanda bajaji na godoro, redio na kalenda. Msumari aliuacha. Alimuaga Mama, alimuaga mama lishe, mimi nilikuwa kazini, au niseme nilijipangia niwe kazini.

Ujenzi wa ghorofa ya sita ukaanza. Nondo na mifuko ya saruji ikapanda kwa kamba siku nzima. Mama akanipigia kwamba mlango wa stoo yake, ule wa nyuma ya duka, haufungi. Akaita seremala, akaupiga randa. Wiki tatu baadaye haufungi tena, seremala akaupiga randa tena. "Mbao za siku hizi," Mama akasema. Nilisikia kitu kwa mbali, kama mtu anayeitwa jina lake ng'ambo ya barabara kwenye makelele. Nikaja, nikapiga picha nguzo ya tatu. Mashine ikanijibu vile vile: ufa wa nywele, hatari ndogo. Haikuwa inasema uongo. Ufa haukuwa umenenepa. Swali lilikuwa mwezi uliopita ulikuwa umefika wapi, na jibu lake nililiosha kwa sabuni ya unga.

Siku hiyo hiyo Mama alikuwa anamtafutia shangazi picha yangu ya kipaimara kwenye simu. Nikaiona juu ya bega lake. Mimi na gauni jeupe, nimeegemea nguzo ya tatu, na karibu na goti langu kuna kistari cha penseli na namba.

Nilimnyang'anya simu, sikumwomba. Kisha nikapanda ngazi mlango kwa mlango. "Shikamoo, naomba picha zenu mlizopigia pale chini." Waliona nimechanganyikiwa, lakini nani anakataa kuonyesha picha zake? Fundi cherehani alikuwa na maharusi wanne. Jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa na mtoto wake wa Idi hadi Idi, miaka sita. Nikaipa mashine kazi nyingine: isitafute ufa, itafute penseli. Sanduku la umeme lililofungwa kwenye nguzo likatupa kipimo, maana halikuwahi kuhamishwa. Picha kumi na moja. Miaka mingi ufa ulikwenda taratibu, goti, paja, kiuno. Picha ya mwisho, ya bibi harusi mwezi mmoja kabla ya Ijumaa yangu, kistari kiko kifuani kwake.

Bosi alicheka. "Umetoa wapi ushahidi, kwenye albamu za harusi?" Alipoona sicheki, naye akaacha. "Neema, karatasi ina mhuri. Hizo penseli nani kaandika? Ana jina? Ana sahihi? Usituharibie."

Nikaenda Ilala.

Alikuwa amekaa kibarazani, penseli sikioni, macho yametazama pembeni kidogo ya pale nilipokuwa.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba, Injinia. Umekuja na mashine yako?"

Nilikaa chini nikamsomea picha moja moja, nani yumo, kistari kiko wapi, kimeandikwa nini. Alisikiliza kama anasikiliza mpira redioni. Sehemu moja akanikata. "Huo siyo mwezi wa kwanza, ni wa saba. Saba yangu ilikuwa mbaya." Nilipofika ya bibi harusi akauliza, "Kifuani?" Nikasema kifuani.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Sikuwa nimepanga kuuliza.

"Nilikuwa naandika."

"Watu walikuuliza ukawaambia lipu! Mama yangu anakaa pale tangu asubuhi mpaka jioni, mgongo uko kwenye hiyo nguzo! Ukamwambia lipu!" Binti yake akatoka ndani kuangalia. Nilikuwa nimesimama, na sauti ilikuwa yangu.

Msimamizi hakukasirika, yeye mwenye hasira za haraka. "Ningesema, jengo lingehama," akasema. "Mwenye jengo angeniondoa siku hiyo hiyo. Nilikuwa na kile chumba tu, Injinia. Nikasema nitaandika, atakuja mwenye macho atasoma." Akapapasa fimbo yake. "Nipeleke."

Tulifika Kariakoo saa tisa, spika za barabarani zinapiga bei juu ya bei, wapagazi wanampisha na kumwita, "Msimamizi, kisigino kinaendeleaje?" Nilimwongoza mpaka nguzo ya tatu. Mama akatoka dukani, akaanza, "Na wewe umerudi kutuzidishia uzito?" kisha akaona macho yake yalivyo, akampisha.

Alipiga goti, akaanza chini kabisa kwa ukucha wa kidole gumba. Akapanda polepole. Goti, paja, kiuno. Akafika kifuani pa bibi harusi, akapita. Akafika shingoni kwake mwenyewe, akapita. Akanyoosha mkono, akainua visigino vyake vile, na ukucha ukasimama juu ya kichwa, mahali ambapo mimi na simu yangu mpya hatukuwa tumepiga picha kwa sababu tulipiga usawa wa macho.

"Huyu hajatulia," akasema.

Akatoa penseli sikioni, akanipa. "Weka kistari hapo kwenye ukucha wangu." Nikaweka. "Andika mwezi." Nikaandika mwezi na mwaka. Nikamrudishia penseli, hakuipokea.

"Andika na jina lako."

"Jina langu?"

"Lote. La kwako na la baba yako. Mimi langu niliogopa kuliandika, ndiyo maana nyie mkaona uchafu."

Nilianza na herufi ya N, ikatoka imepinda. Nikaiangalia, na hapo ndipo nilipojua kwamba naogopa, kwamba nilikuwa naogopa siku zote hizo. Nikamaliza kuandika hivyo hivyo, herufi zimelewa, machozi yananishuka mpaka shingoni na watu wanapita na marobota. Kesho yake jina hilo hilo lingekuwa chini ya barua kwa mhandisi wa mji, na bosi angeniambia nisirudi. Hayo ni ya kesho yake.

Mama alisogea, akavaa miwani yake ya kusomea, akasoma nguzo. Akanitazama mimi, akamtazama Msimamizi.

"Siyo lipu?" akamuuliza.

"Siyo lipu, Mama Neema. Nisamehe."

Akavua miwani. Aligeuka akamwita mpagazi aliyekuwa anaingia na robota begani, akamwambia asitue, alirudishe nje. Kisha akaingia dukani, akaanza kushusha vitenge kutoka kwenye rafu, jora moja moja.